"Watoto walikuwa wamelala"

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu. Jirani alipokuja asubuhi akanikuta na jicho limevimba kwa kipigo cha mume wangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, na batoto waliona?", nilimjibu: hapana, walikuwa wamelala. Nyumba yetu ya Mabanga, hapa Goma, ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na pazia katikati. Jirani alisikia akiwa kwake, ng'ambo ya ua. Watoto wangu, hatua tatu kutoka pale, ndio eti hawakusikia!

Kijana wangu alirudia kukojoa kitandani akiwa na miaka saba. Tulimpiga kwa hilo. Mimi mwenyewe nilimpiga, na ninaandika hivi kwa uchungu. Mwalimu akalalamika kwamba hafuati somo, na mwenzake akimgusa kwa nyuma anageuka na ngumi. Tumbo likawa linamuuma kila juma. Tukampa dawa ya minyoo mara tatu.

Tumbo hilo ndilo lililotufikisha kwa mama mmoja mwanasaikolojia, katika kituo cha afya. Hakuuliza mtoto anakula nini. Alimuuliza usiku anasikia nini. Akajibu: "Nasikia viatu vya papa juu ya mawe."

Njia ya kuingia kwetu ilikuwa ya mawe ya volkano, yale meusi yanayolia ukiyakanyaga. Kwa mlio ule mtoto alikuwa anajua baba amekunywa au hajanywa, na usiku utakuwaje. Hakulala mpaka ajue.

Yule mama akanikumbusha Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na ardhi ikaendelea kutikisika siku zilizofuata. Tulilala na nguo mwilini, viatu mlangoni, mzigo umefungwa. Bati likigongwa na upepo, moyo unaruka. Kwetu sisi mitetemeko ilikoma, mwili ukatulia. Mtoto wa nyumba yenye kipigo analala hivyo mwaka mzima, homoni za hofu zinamjaa wakati ubongo wake bado unajengwa. Darasani macho yako ubaoni, akili iko mlangoni. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliweka mama kupigwa nyumbani katika hesabu moja na mtoto kupigwa mwenyewe. Mateso ya utotoni yalipokuwa mengi zaidi, ndivyo sonona, ulevi na majaribio ya kujiua vilivyozidi ukubwani.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni yule ambaye sikumwona. Binti yangu mkubwa, miaka kumi na moja, alisifiwa na avenii nzima, mtaa wetu wote. Aliwasha babula, jiko letu la makaa, bila kuambiwa, alichota maji, aliwanyamazisha wadogo zake kabla baba hajaingia. Nilijivuna naye. Siku moja akaniambia polepole: "Mama, jana nilisahau chumvi kwenye sombe, ndiyo maana papa alikupiga." Sombe ni mboga ya majani ya muhogo. Kumbe utulivu wote ule ulikuwa woga. Mtoto alikuwa amejitwika amani ya nyumba nzima kichwani.

Basi, mama mwenzangu, asubuhi usinyamaze. Mwambie mtoto kwa maneno mepesi: ulichosikia ni kweli, ni kibaya, na si kosa lako. Mrudie kesho, kwa sababu mara moja hataamini. Usimpige anayekojoa, badilisha shuka, nyamaza. Usimtume kwa baba yake kupeleleza wala kupatanisha. Mtafute mtu mzima mmoja ambaye mtoto anaweza kukimbilia usiku, bibi au jirani, na mwonyeshe mlango wake mchana. Nawe papa unayesoma hapa, usiseme hujawahi kumgusa mtoto. Ukimpiga mama yake, umemgusa.

Kuna watakaokuambia vumilia kwa ajili ya watoto. Nami niliambiwa, tena na watu wanaonipenda, nikavumilia, na mnaona nilichovuna. Nilipohamia kwa kaka yangu, kule mtaa wa Himbi, ndipo kijana alipoanza kulala usiku kucha, si mara moja, ilichukua miezi. Hadi leo anaomba taa ibaki.

Binti alichelewa zaidi. Mwezi uliopita nilimwambia aoshe sahani, akaniangalia usoni akasema: "Mama, leo sitaki, nimechoka." Ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia. Nikaziosha mwenyewe.