Kabla ya Kumpa Mkulima wa Uluguru Mche, Uliza Shamba ni la Nani

Mara nyingi mvua za masika zinapokaribia, wageni wenye nia njema hufika katika vijiji vya miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, kama Kinole, Tawa na Kibungo, wakiwa na gari la miche na ujumbe uleule: pandeni miti, acheni kuchoma mashamba, msilime kwenye vyanzo vya maji. Ujumbe huo ni wa kweli. Mto Ruvu, ambao maji yake mengi hutoka kwenye milima hii, ni tegemeo kubwa la jiji la Dar es Salaam, na udongo unaosombwa kutoka kwenye shamba la mpunga wa mlimani lililofyekwa na kuchomwa moto hauishii kijijini. Hata hivyo, miaka mingi ya kazi ya ugani katika vijiji hivi imenithibitishia kwamba yapo maswali mawili yanayopaswa kujibiwa kabla mche wowote haujashushwa kwenye gari: shamba hili ni la nani, na anayelilima atakula nini mpaka mti uanze kuzaa?

Swali la kwanza ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo zito zaidi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ni mali ya ukoo. Mwanamume anayelima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe anafahamu kwamba ndoa ikivunjika ataondoka mikono mitupu, na anayelima kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe anafahamu kwamba wapwa zake wana haki juu yake kuliko watoto aliowazaa. Yupo pia aliyeazima au kukodi, ambaye huruhusiwa kulima mahindi, mpunga na maharage lakini hukatazwa kupanda mti wa kudumu, kwa sababu aliyepanda mti huonekana kama anayedai ardhi. Mtu wa namna hiyo akikataa miche, huandikwa kwenye taarifa kwamba hana mwamko. Mwamko anao; asicho nacho ni shamba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na wazee wa ukoo na akina mama wenye ardhi, si na kitalu. Waulizwe kama wako tayari kutenganisha haki ya mti na haki ya ardhi, ili aliyepanda avune kwa miaka iliyokubaliwa, na ajue atalipwa nini iwapo ataondolewa kabla ya wakati. Makubaliano hayo yaandikwe na yashuhudiwe na serikali ya kijiji. Pale ambapo ukoo umekubali kugawa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, na ni lazima kuhakikisha kwamba jina la mwanamke halipotei katika kuandikisha. Nimeona hati zikiandikwa jina la mume peke yake juu ya ardhi iliyotoka kwa mama wa mkewe, na uchungu uliofuata ulikwamisha kila kazi ya hifadhi katika kitongoji hicho.

Swali la pili ni la tumbo. Mkarafuu huhitaji takriban miaka sita hadi minane kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mkulima mwenye robo tatu ya ekari kwenye mteremko mkali hawezi kuigeuza yote kuwa mikarafuu na kusubiri, hata akielezwa namna gani. Kinachowezekana ni kupanga mazao kwa ngazi za muda: mananasi, magimbi na migomba kwa miaka ya mwanzo, pilipili manga na mdalasini katikati, na karafuu mwishoni. Mananasi yakipandwa kwa mistari inayokata mteremko huanza kuzuia udongo mapema, na fedha yake huingia nyumbani wakati mikarafuu bado ni midogo.

Mdalasini unastahili kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu unavunwa vibaya mno. Wengi huumenya mti ukiwa umesimama, mti hukauka, na mwaka unaofuata hakuna kitu. Njia sahihi ni kulikata shina karibu na ardhi wakati wa mvua, gome likiwa limelegea na linabanduka kwa urahisi, kisha kuacha kisiki kichipue na kubakiza machipukizi machache yaliyonyooka. Mizizi haiondoki ardhini, udongo unabaki umeshikwa, na baada ya miaka michache kisiki kilekile kinavunwa tena. Sijui zao jingine katika miteremko hii linalopatanisha fedha na hifadhi kwa namna iliyo wazi kama hii, na kulionyesha shambani, kwa panga mkononi, kunafaa kuliko semina ya siku nzima.

Anayependekeza matuta ya ngazi ajue historia yake hapa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta hayo, na mwaka 1955 upinzani uliozuka ukafikia umwagaji wa damu huko Matombo, na mpango ukaachwa. Haikuwa siasa peke yake. Katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuacha juu udongo usiozaa. Mahali pa namna hiyo ninashauri mistari ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, iliyopimwa kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye timazi ya kuonyesha usawa), ikapandwa majani ya malisho ya Guatemala au matete. Majani hayo hulisha mbuzi wa maziwa, kama wale walioletwa Mgeta kutoka Norway katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na samadi yake hurudi shambani.

Yote haya hupotea ikiwa mkulima anauza karafuu zikiwa bado mtini. Katika miezi ya njaa mnunuzi hupita na fedha taslimu, hununua mavuno ya mti mzima kwa bei ya kutupa, na mwenye mti hubaki kuuchunga kwa ajili ya mtu mwingine. Kikundi cha vikoba chenye mfuko wa kukopesha miezi hiyo, pamoja na mizani ya kijiji na maturubai ya kuanikia, ni kazi ya hifadhi sawasawa na kitalu cha miche.

Wako pia wale ambao mashamba yao yamo ndani ya mita 60 za kingo za mito, ambako sheria inazuia kilimo. Hao wanaombwa kupoteza ardhi kwa faida ya watu walio mbali nao. Mradi wa mashirika ya kimataifa ya CARE na WWF katika eneo la Kibungo ulionyesha kwamba watumiaji wa maji wanaweza kuchangia malipo kwa wakulima wanaotunza mteremko, na mamlaka za maji zinapaswa kulifanya hilo kuwa sehemu ya kudumu ya gharama zao. Malipo yaanze kwa mkulima wa kando ya mto, na yamfikie kabla hajatakiwa kuondoa mazao yake.