Jina, mwalo na simu vimebanana safu moja
Dada, kwenye Excel, orodha ya wavuvi iliyokaa yote safu A, mfano Masanja,Kayenze,07…, hutenganishwa hivi. Safu B na C ziwe tupu kwanza, maana vipande vitamwagwa humo. Ukibofya OK bila kusoma onyo, vilivyokuwepo vimekwenda. Chagua safu A, nenda Data, Text to Columns, Delimited, tiki Comma. Usikimbilie Finish! Hatua ya 3 bofya safu ya simu, weka Text, la sivyo sifuri ya mbele inaliwa.

Kuunganisha ni rahisi: =A2&" - "&B2, kisha buruta chini. Kabla ya kufuta safu za mwanzo, nakili matokeo uyabandike kama Values, ama sivyo utabaki na alama ya kosa #REF! tupu.