Kabla kikundi cha akina mama hakijaingia mkutano mkuu wa kijiji

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema bila kuficha kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Robo karne imepita, na bado vijiji vingi vya Tanzania vinatoa hati zenye jina la baba peke yake. Sababu ni kwamba ardhi ya kijiji haigawiwi bungeni. Inagawiwa na halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, kwa idhini ya mkutano mkuu, kisha mtendaji wa kijiji anaandika muhtasari. Kikundi kisichokuwa na watu katika halmashauri, sauti katika mkutano na macho kwenye muhtasari, kitaimba nyimbo za haki kila tarehe 8 Machi na mashamba yatabaki palepale.

Hata hiyo sheria haikuja yenyewe. Mwaka 1997 mashirika ya wanawake, yakiwamo TAMWA (wanahabari wanawake), TGNP (mtandao wa jinsia) na TAWLA (wanasheria wanawake), yaliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi wakati mswada ukiandaliwa. Hawakuridhika na kulalamika. Walipeleka maneno waliyotaka yaandikwe. Ndiyo maana leo Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina watu 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Mirathi ndiyo iliyoachwa nyuma, na tutairudia kwa sababu huko ndiko wanawake wengi wanakopoteza mashamba.

Anzeni na mchanganyiko wa watu. Kama kijiji kina vitongoji 5, tafuteni wanawake 4 kutoka kila kitongoji, wapatikane 20. Wawepo wajane, walioolewa, mabinti ambao hawajaolewa, na angalau mama mmoja mzee ambaye kijiji kizima humsalimia kwa heshima. Kikundi cha wajane watupu huambiwa kina shida zake binafsi. Kikundi cha kitongoji kimoja huambiwa kimetumwa. Katibu awe yule anayeandika haraka na kwa mwandiko unaosomeka, hata kama si msemaji.

Fedha zitenganisheni tangu siku ya kwanza. Wengi wenu mko kwenye vikoba, vile vikundi vya kununua hisa na kukopeshana, na wengine wanalenga ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, ambamo wanawake wana asilimia 4. Ni jambo jema, lakini liwe na daftari lake na mhasibu wake. Mtu akishindwa kurejesha mkopo huacha kuja vikaoni kwa aibu, na kama kikao cha hisa ndicho kikao cha ardhi, mmempoteza kotekote. Tumeona vikundi imara vikifia hapo kuliko mahali pengine popote. Mfuko wa ardhi uwe mdogo: nauli ya kwenda wilayani, kutoa nakala, vocha ya simu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi huiruka kwa sababu haina shangwe: orodha ya mashamba. Chukueni kaunta buku, mchore safu hizi: jina la mwanamke, kitongoji, ukubwa kwa ekari, alivyolipata (alirithi, alinunua, aligawiwa na kijiji, analima na mume), majirani wa pande zote nne, mashahidi wawili, na karatasi aliyonayo kama ipo. Pitieni kaya kwa kaya, wawili wawili. Itachukua majuma, na mtakutana na wanawake wasiojua mipaka ya shamba wanalolilima miaka yote. Waandikeni hivyo hivyo. Siku mtakaposimama mkutanoni na kusema wanawake wangapi wanalima bila jina lao kuandikwa popote, mwenyekiti hatakuwa na orodha nyingine ya kuwapinga.

Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Pelekeni barua ya ajenda kwa mtendaji wiki mbili au tatu kabla, nakala mbili, na nakala yenu irudi na mhuri na tarehe. Msiitegemee "mengineyo", ikifika hapo watu wanapigwa na jua na nusu wameshaondoka. Ulizeni saa ya mkutano mapema. Ukiwekwa saa ambayo akina mama wako kisimani au siku ya gulio, ombeni ubadilishwe, kwa maandishi.

Mwoneni mwenyekiti kabla. Kiongozi akishtukizwa mbele ya watu hukataa hata jambo analolikubali moyoni. Waoneni pia wazee wenye mabinti walioachika wakarudi nyumbani. Hao wanalijua tatizo na mara nyingi ndio watakaowatetea kwa sauti ambayo wazee wenzao wataisikiliza.

Hoja iwe moja, imeandikwa, na iwe fupi. Kwa mfano: "Mkutano uazimie kwamba shamba linalotumiwa na mume na mke liandikwe majina yote mawili, na halmashauri ya kijiji isipitishe fomu yenye jina moja mpaka mwenza aitwe na asikilizwe." Chagueni wasemaji watatu: mmoja asome hoja, mmoja asome kifungu cha sheria, mmoja asome idadi kutoka kwenye orodha. Wengine wakae pamoja, wanyooshe mikono pamoja. Kabla mkutano haujafungwa, ombeni azimio lisomwe jinsi lilivyoandikwa. Muhtasari ukisema "mkutano ulijadili", hamjapata kitu. Unapaswa kusema "mkutano uliazimia".

Baada ya hapo ndipo zinakuja hati za hakimiliki ya kimila, yaani karatasi zinazothibitisha shamba la kijijini ni la nani. Kijiji kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya kutunzia kumbukumbu, na ni vizuri mpango wa matumizi ya ardhi uwe tayari. Maombi yakishafika, halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuyaamua. Hatua inayoharibika sana ni siku ya kupima. Wapimaji wanakuja, mama yuko kliniki na mtoto, shemeji yuko shambani, basi jina la shemeji linaandikwa. Wekeni zamu: kila mwanamke awe na wenzake wawili shambani kwake siku hiyo, na majirani wa mipaka wawepo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Kwenye ndoa ya wake wengi, kila mke aombe shamba analolilima lipimwe peke yake. Kuwaweka wote kwenye hati moja ni kuandaa kesi ya watoto. Na kila malipo yadaiwe risiti.

Turudi kwenye mirathi. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume, na bado zinatajwa mahakamani. Lakini kuna silaha. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyotoka Kagera, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Mjifunze kuitaja. Kivitendo, vita huanza kwenye kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi. Mjane aliye kwenye majonzi husaini muhtasari unaomteua shemeji, na shemeji huona amepewa mali. Wanakikundi wawili wakae naye siku hizo, wamsomee kila karatasi kabla ya kuweka dole gumba. Jina lake au la binti yake linaweza kupendekezwa, na akipuuzwa anaweza kuweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na mgawanyo wake. Andikeni tarehe hiyo ukutani. Miezi hiyo ikipita kimya, nendeni mahakamani kuuliza.

Vitisho vikitokea, na hutokea, viandikwe siku hiyo hiyo: nani, wapi, mbele ya nani. Kipigo au tishio la kuuawa ni suala la polisi, dawati la jinsia na watoto. Msilipeleke baraza la ardhi likasuluhishwe.

Kuhusu viti: uchaguzi wa vijiji hufanyika kila miaka mitano, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Angalau robo ya halmashauri ya kijiji lazima wawe wanawake, yaani kwenye halmashauri ya watu 25 wasipungue 7. Hakuna sheria inayozuia wawe 15. Wagombea hupitia vyama, kwa hiyo mchujo wa kweli unafanyika miezi kadhaa kabla ya kura, kwenye vikao vya ndani. Waandaeni wanawake wenu kwa kuwapa ajenda za kusimamia mkutanoni sasa hivi, kila mmoja ndani ya chama chake. Kikundi chenyewe kisivae sare ya chama chochote, kwa sababu mtaihitaji mikono ya wanachama wa vyama vyote siku ya kupitisha azimio.