Nikijichunguza Sioni Kitu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kila tunapokaribia Meza ya Bwana tunaambiwa tujihoji. Nakaa, naomba Mungu anifunulie dhambi za siri, lakini ama sioni kitu, ama nalemewa tu kwamba mimi ni mbaya, bila kujua kosa ni lipi. Nakosea wapi? — Mwanakwaya, Iringa

JIBU: Amina, dada. Unakosea mwanzoni kabisa: unauliza moyo kama ni mzima, na Yeremia 17:9 inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Mtunga Zaburi hakujikagua peke yake; aliomba, “Ee Mungu, unichunguze” (139:23). Kazi yako ni kumwekea Mungu matukio mezani, si hisia.

Tenga dakika 20, daftari na kalamu. Soma kwanza Wagalatia 5:19–21, polepole. Wengi huona uasherati mwanzoni na ulevi mwishoni, wakajihesabu salama. Katikati ndimo mlimo uadui, wivu, hasira, fitina, na hayo kwaya inayafahamu vizuri.

Kisha pitia siku saba zilizopita, moja moja. Usipitie “maisha yangu”. Hayana pa kushikia. Simama pale ulipokasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, pale ulipojieleza sana na hakuna aliyekuuliza, na pale ulipoficha simu, risiti au nusu ya habari. Andika tendo, siku na mhusika. “Nisamehe kiburi changu” ni sala rahisi mno. “Jumanne nilimdharau fulani mbele ya wenzake” inauma, na ndiyo tunayoitafuta.

Angalia pia majina. Dhambi iliyofichika mara nyingi haikujificha, imebatizwa: choyo kinaitwa kubana matumizi, ukali unaitwa kusema ukweli, na sengenyo linaitwa “tumwombee mwenzetu”.

Ukishaandika, shuka chini ya tendo. Katika Yoshua 7:21 Akani, Mwisraeli aliyeiba nyara za Yeriko, anaeleza mwenyewe: aliona, akatamani, akatwaa, akaficha. Shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50 zilifukuliwa hemani mwake, lakini mambo yaliharibika kwenye kutamani. Ukitubu ulimi tu, mazoezi yajayo utasengenya tena, kwa kuwa husuda juu ya yule aliyepewa kuimbisha hukuigusa.

Na ule uzito usio na jina? Dakika 20 zikiisha bila kosa linalotajika, funga daftari, shukuru, uende mezani. Paulo anasema mtu ajihoji, “na hivyo aule mkate” (1 Wakorintho 11:28). Hakusema ajihoji na kubaki nyumbani. Uzito ukidumu wiki kadhaa na usingizi ukapotea, usiendelee kuchimba. Mwone mchungaji, na daktari pia.

SWALI: Je, ni lazima nitubu mbele ya kanisa zima? — Msomaji, Bukoba

JIBU: Swali hili kwenu lina mizizi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika hadi Kagera, na ndugu wa uamsho walizoea kuungama hadharani na kurudisha walichoiba. Desturi hiyo ya kurudisha tungependa irejee kwa nguvu: Walawi 6:5 inadai mali yenyewe pamoja na sehemu ya tano, yaani aliyechukua 50,000 arudishe 60,000.

Kuungama kuwe na upana wa kosa. La mawazoni ni lako na Mungu. Kumwendea mtu asiyejua lolote na kumwambia “nilikuwa nakuchukia” ni kumhamishia mzigo wako. Ulilomtendea mtu, mwendee yeye kwanza (Mathayo 5:23–24). Lililoumiza kanisa wazi, litubu kanisani, kwa sentensi mbili tatu, bila “ila na wao walinichokoza”, na bila kumtaja mwenzako. Ukishamtaja, hutubu tena, unashitaki.