Kabla hujanunua feni nyingine, pima joto la bekari yako

Kipimajoto cha ukutani kikionyesha nyuzi 34 ndani ya bekari ya bati, kimekueleza habari za hewa tu. Mkandaji wa unga haumizwi na hewa peke yake. Bati lililo juu yake na mlango wa tanuri vinammulika joto moja kwa moja, unyevu wa pwani unachelewesha jasho lake kukauka, na hewa ikisimama ndiyo kabisa. Ongeza nguo alizovaa na uzito wa kazi yenyewe. Watu wawili wanaweza kusimama hatua tano kutoka wao kwa wao, mmoja yuko salama na mwenzake anaelekea kuanguka.

Kipimo kinachoyakusanya haya ni WBGT (wet bulb globe temperature, yaani joto la utambi mbichi na la tufe). Kilibuniwa Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa wakizidiwa na joto mazoezini, na sasa ndicho msingi wa ISO 7243, kiwango cha kimataifa cha joto kazini. Ndani ya jengo, pasipo jua, hesabu yake ni hii: zidisha 0.7 kwa kipimajoto chenye utambi mbichi, zidisha 0.3 kwa kipimajoto kilicho ndani ya tufe jeusi, kisha jumlisha.

Mashine ya kupima WBGT ni ghali, lakini makadirio mazuri unayapata kwa vipimajoto vitatu. Kwanza vitumbukize vyote kwenye barafu iliyosagwa yenye maji kidogo. Kisichosoma sifuri, andika kimepotoka kiasi gani. Kimoja kinapima hewa, nacho ukikinge kisimulikwe na tanuri. Cha pili kivishe utambi wa pamba nyeupe iliyofuliwa, ufunike balbu yote na kupanda juu yake kidogo, ncha ya chini ikizama kwenye kikopo cha maji. Tumia maji ya betri yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi huukaza utambi na usomaji ukapanda bila sababu. Ulowanishe nusu saa kabla ya kusoma, na usiuwekee kinga yoyote.

Cha tatu kinakaa katikati ya tufe. Tufe la kiwango ni la shaba nyembamba, kipenyo milimita 150, limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Wengi hutumia mpira wa tenisi ya meza uliopakwa rangi hiyo. Unafaa kwa kulinganisha sehemu na sehemu, ila kwa udogo wake unavutwa zaidi na hewa, hivyo mahali penye mmuliko mkali utakupa namba ya chini kuliko ukweli. Tufe kubwa linahitaji kama dakika 20 kutulia. Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kusoma baada ya dakika tano kisha kutangaza kwamba bekari haina tatizo.

Weka vifaa pale anaposimama mfanyakazi, kimo cha tumbo, yaani mita 1.1, feni na tanuri vikiwa katika hali ya kila siku. Karibu na tanuri pima pia kichwani, mita 1.7, na kwenye vifundo vya miguu, mita 0.1; kisha tafuta wastani huku ukihesabu cha tumboni mara mbili. Saa ya kupima nayo ina maana. Chini ya bati joto hukolea kuanzia saa saba mchana, lakini bekari nyingi huchoma mikate usiku. Basi pima usiku pia.

Tuchukue mfano: hewa 34, utambi 27.5, tufe 40. WBGT ni 19.25 + 12, yaani 31.25. Kwa mtu aliyezoea joto, ISO 7243 inaweka kikomo cha 30 kwa kazi nyepesi kama kusimamia mashine, 28 kwa kazi ya kati kama kukanda kwa mikono, na 26 kwa kazi nzito kama kubeba magunia. Asiyezoea: 29, 26 na 23. Kwa hiyo hapa hata msimamizi wa mashine amevuka. Na ovaroli ya plastiki isiyopitisha mvuke inaongeza kama nyuzi 10 juu ya namba uliyopata.

Sasa angalia tofauti ya tufe na hewa, maana hapo ndipo pesa yako inapookolewa. Ikiwa nyuzi sita, adui ni mmuliko, na feni haizuii mmuliko. Weka dari chini ya bati ukiacha nafasi inayopitisha hewa, paka bati rangi nyeupe kwa nje, simamisha kinga ya bati linalong'aa mbele ya tanuri. (Ndiyo maana chini ya makuti unapumua hata kama hewa ina nyuzi zilezile.) Tufe likishuka hadi 35 na utambi ukabaki palepale, unapata 29.75. Msimamizi amepona kwa shida, mkandaji bado.

Utambi ukikaribia hewa, adui ni unyevu. Toa mvuke nje juu ya tanuri, na feni ivute hewa kutoka dirishani kuelekea kwa watu, isitoke upande wa tanuri. Hewa ikivuka nyuzi 35 hivi, inakuwa moto kuliko ngozi. Feni itakausha jasho lakini wakati huohuo inampelekea mtu joto.

Mkandaji aliyebaki juu ya mstari anahitaji zamu. Nusu saa penye 31.25 na nusu saa ya kukaa kivulini penye 27 ni wastani wa 29.1; uzito wa kazi yake nao, yaani joto ambalo mwili wake unazalisha, unashuka kwa wastani kutoka wati 300 hadi kama 208, na hapo kazi inahesabiwa nyepesi, naye anaingia ndani ya kikomo cha 30. Maji ni kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Mgeni kazini aanze na sehemu moja ya tano ya muda siku ya kwanza, aongezewe kiasi hichohicho kila siku.

Ukimaliza kufunga dari, rudisha vifaa mahali palepale, saa ileile, siku yenye jua kama lile, kabla hujamlipa fundi salio lake.