Umekwama kwenye riwaya ya gwiji? Angalia jalada tena

Kitabu cha mwandishi usiyemjua kikikuchosha, unakiweka kando na maisha yanaendelea. Cha gwiji ni shida nyingine. Huyu ni Arthur C. Clarke, gwiji wa riwaya za kisayansi, utamwachaje? Basi unakaa nacho kwenye matatu ya Rongai, magari yamesimama, muda upo tele, na bado unajikuta unasoma vibandiko vilivyo juu ya kiti cha dereva.

Mimi ilinikwamisha Rama II. Ile ya kwanza, Rendezvous with Rama ya mwaka 1973, niliipenda kupita kiasi. Chombo cha silinda chenye urefu wa kilomita 50 hivi kinaingia kwenye mfumo wetu wa Jua, na wanaanga wanashuka ndani yake gizani, hawajui watakuta nini. Humo mna bahari iliyoganda, imeuzunguka ukuta wa ndani mzima hadi ukitazama juu unaiona iko utosini. Chombo kinapolisogelea Jua, joto linapenya kutoka nje na barafu inaanza kuyeyuka kwa chini. Halafu linakuja onyo: tokeni, hewa ikipata moto kimbunga kitafuata. Hakuna bunduki wala mapenzi ya kulazimisha. Ni fizikia tu, na nywele zinakusimama.

Ya pili ilitoka 1989, na jaladani pana majina mawili: Clarke na Gentry Lee, mhandisi wa safari za angani wa Marekani. Kalamu ilikuwa zaidi mkononi mwa Lee. Chombo kingine kinakuja miaka 70 baada ya kile cha kwanza, lakini wewe msomaji utasubiri. Kwanza uelezwe uchumi wa dunia ulivyoporomoka, kisha fitina za wanaanga wenyewe kwa wenyewe, kisha mwanahabari mwenye njama zake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa naona mgema alimwachia mwenzake kibuyu.

Kwa hiyo kabla hujajiita mvivu, soma jalada vizuri: jina la pili ni la nani, na kitabu kilitoka miaka mingapi baada ya kile ulichokipenda? Clarke mwenyewe alieleza kwamba hakuwa na nia ya kuiendeleza hadithi ya kwanza. Ukilijua hilo unashusha matarajio, na kusoma kunakuwa kwepesi.

La pili, usijiwekee sharti la kurasa. Jiulize kitabu kiliahidi nini, kisha kitafute kilipo. Rama II inaahidi chombo, nami niliruka hadi wanapoingia chomboni. Huko mambo yakachangamka. Baadaye nikarudi nyuma kwa hiari, kwa ajili ya daktari wa msafara, Nicole des Jardins. Mama yake ni Msenufo wa Kodivaa, na si kila siku unamkuta mtu wa namna hiyo akiwa mhusika mkuu katika riwaya za aina hii. Mambo ya mzee mganga wa kwao na maono yametiwa chumvi, hata hivyo kwake nilikaa.

Pia uwe na kitabu chembamba pembeni. Mimi nilishika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa na kutupwa angani ndani ya chombo, naye anajifunza kukiendesha hadi anatua kwenye ulimwengu mwingine. Mkangi hapotezi muda. Ukitoka kwake unaona wazi kama kilichokuchosha ni kile kitabu kingine au ni kichwa chako tu baada ya kazi.

Na kikikushinda kabisa, kirudishe mjini kikiwa bado na sura. Wauzaji wengi wa vitabu vya mitumba hukubali ubadilishe kwa kuongeza pesa kidogo. Wangu alikipindua changu, akaona mikunjo ya uti iko mwanzoni na mwishoni tu.

“Katikati ulisafiri, mkubwa?”

Nilicheka, nikaongeza mia moja, nikaondoka na kingine. Zipo mbili zaidi katika mfululizo huo, ya 1991 na ya 1993, zote za Clarke na Lee. Hizo ukizitaka, tafuta wa kukuazima kwanza. Ila ile ya 1973 ukiikuta kwenye rundo, usibishane sana na bei.