Keloidi ya sikio: niliikata ikarudi, sindano ndizo zilizoilaza

Dada, umeuliza kama keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita jeraha lenyewe, iliyokuota baada ya kutoga sikio uikate au uchomwe sindano. Mimi nimepita kote kuwili, tena nikaanza na njia mbaya.

Yangu ilianza kama punje ya mtama nyuma ya ndewe, baadaye ikafikia korosho. Hospitali moja wakaikata, wakashona, wakaniaga. Sindano hakuna aliyezitaja. Mwezi wa nne baada ya kukatwa ikaanza kuwasha, na kuwasha ndiyo hodi ya keloidi. Ikarudi kubwa kuliko ya kwanza, maana kisu nacho ni jeraha, na ngozi ya namna yetu ikianza kujenga kovu haijui kuacha.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenianzishia triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe. Ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji na ikikaa inatuama, kwa hiyo huitikisa kwanza. Inachomwa ndani ya uvimbe wenyewe, na uvimbe ni mgumu kama raba. Siku ya kwanza sindano ilifyatuka kwenye bomba, dawa ikamrukia kwenye miwani. Tulicheka, mimi huku machozi yananitoka. Inauma, sikufichi. Kufikia ya tatu ilikuwa imelainika, dawa inapita bila ugomvi.

Nilichomwa mara sita, kila baada ya wiki nne. Kuwasha kuliisha kwanza, kisha ugumu, kulala bapa kukaja mwisho. Nikabaki na doa jeupe pembeni, kwani dawa hii hufifisha rangi ya ngozi na kuikondesha. Kwa sisi weusi linaonekana sana; langu lilichukua kama mwaka kurudi rangi. Hedhi nayo ilivurugika miezi miwili, nikahangaika na vipimo vya mimba bure, kumbe ni steroidi. Kama una kisukari au ujauzito, sema mapema.

Ikiwa yako ni kubwa mno, kukata bado kupo, ila mkubaliane sindano za baadaye kabla hujapanda kitandani. Kitunguu saumu alichonishauri shangazi niachie mimi, kiliniunguza tu.

Hereni sasa navaa za kubana. Daktari alizifurahia kuliko mimi, maana kule kukandamiza kunaizuia isiinuke tena.